Huyu Kampiga Nani?

Jumapili moja ya Septemba 2016, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka sebuleni kwa mjomba wangu, Mwananyamala. Televisheni tuliipunguza sauti ili mke wake asiamke. Mjomba alikuwa bondia miaka ya tisini, na haya mapigano ya MMA hakuyapenda hata kidogo. "Mtu akianguka unamwacha ainuke," alizoea kusema. Lakini usingizi wa uzee ni mfupi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuandika habari za michezo, kwa hiyo akaamka kunisindikiza.

Usiku ule UFC walikuwa Cleveland, Marekani. Akatokea jamaa mmoja mwenye michoro mwili mzima, muziki unapigwa, ukumbi umesimama wote. Mjomba akasogea karibu na kioo.

"Huyu kampiga nani?"

"Hajampiga mtu, mjomba. Ndiyo pambano lake la kwanza."

"La kwanza hapo?"

"La kwanza kabisa."

Akanitazama kama vile nimemdanganya. Ikabidi nimweleze. Yule alikuwa Phil Brooks, anayejulikana zaidi kama CM Punk, nyota wa mieleka ya televisheni ya WWE, ile ambayo mshindi anajulikana kabla kengele haijalia. Alikuwa na karibu miaka 38. UFC walimsaini mwisho wa 2014 akiwa hana rekodi yoyote, na sasa amewekwa kwenye kadi kuu, juu ya watu waliokuwa wakipigana kwa miaka. Mpinzani wake, Mickey Gall, alikuwa kijana mwenye mapambano mawili tu ya kulipwa.

Halikuchukua muda. Dakika mbili na sekunde kumi na nne za raundi ya kwanza, Gall alishamweka chini, akampiga kabali kwa nyuma, Punk akagonga mkono kukubali yaishe. Siku chache baadaye hesabu za malipo zikatoka: Punk alikuwa na uhakika wa dola 500,000, ashinde asishinde. Gall, aliyeshinda, hakupata hata robo ya hizo.

Mjomba hakusema neno. Aliinuka akaenda kuchota maji ya kuoga. Mimi nilibaki na swali lake, na mpaka leo, kila wanapotangaza pambano kubwa, ndilo linalonijia kwanza.

Tuwe wakweli kuhusu jinsi kazi hii inavyoendeshwa. Kwenye ligi ya mpira kuna msimamo: ukishinda unapata pointi tatu, hata kama timu yako haina shabiki mmoja nje ya wilaya yenu. Kwenye UFC kampuni ni moja. Yenyewe inawasaini wapiganaji, inapanga nani akutane na nani, na mkanda ni mali yake. Mwaka 2013 walianzisha orodha ya ubora inayopigiwa kura na waandishi wa habari, lakini hakuna kinachowalazimisha kuifuata. Wa kwanza kwenye orodha anaweza kusubiri, na wa kumi na tatu akaitwa.

Wa kumi na tatu nimemtaja kwa makusudi. Mwezi mmoja tu baada ya asubuhi ile ya Mwananyamala, Michael Bisping alitetea mkanda wa uzani wa kati kwao Uingereza, mjini Manchester. Walipambana karibu na alfajiri ili muda uende sawa na televisheni ya Marekani. Mpinzani alikuwa Dan Henderson, mwenye miaka 46, wa kumi na tatu kwenye orodha. Sababu ya kumchagua ilikuwa moja: mwaka 2009 alimzimisha Bisping kwa ngumi ambayo kila shabiki aliikumbuka, na kisasi kinauza. Bisping akashinda kwa pointi, na Henderson akastaafu usiku uleule.

Nyuma yao kulikuwa na watu. Mmoja ni Yoel Romero, Mkuba, mshindi wa medali ya fedha ya mieleka kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Wakati Henderson anaitwa Manchester, Romero alikuwa na miaka 39. Alipoitwa naye, Julai 2017, ameshafikisha 40, na ulikuwa mkanda wa muda. Akapoteza kwa pointi mbele ya Robert Whittaker. Basi Whittaker ndiye angemfuata Bisping, si ndiyo? Hapana. Novemba mwaka ule Bisping alipewa Georges St-Pierre, gwiji wa Kanada aliyekaa nje miaka minne na hakuwahi kupigana kwenye uzani ule. St-Pierre akashinda kwa kabali, na mwezi mmoja baadaye akauachia mkanda.

Sisemi St-Pierre hakustahili heshima. Ninachohesabu ni miaka. Kampuni ina muda wote duniani. Goti la mtu wa miaka 39 halina.

Najua kuna jibu, na jibu lenyewe si la kijinga. Mjomba mwenyewe ndiye aliyenipa jioni ile, tulipokuwa tunakula. "Ukumbi mtupu haumlipi mtu," alisema. Jina kubwa ndilo linalojaza viti, na viti vikijaa hata wale wa pambano la kwanza wanapata chochote. Isitoshe, mara nyingine aliyerushwa foleni anaonyesha kwamba alistahili. Brock Lesnar naye alitoka kwenye mieleka ya televisheni. Novemba 2008 alipopewa nafasi ya mkanda wa uzani wa juu alikuwa na mapambano matatu tu maishani, ameshinda mawili na kupoteza moja. Watu wakalalamika. Akamsimamisha Randy Couture raundi ya pili, akauchukua. Ulingoni umaarufu haumkingi mtu. Lesnar alipona, Punk hakupona.

Kwa muda mrefu jibu hilo lilinitosha. Nilijiambia kwamba waweke wanayemtaka, mwisho wa siku ngumi ndiyo itakayoamua.

Aliyeniharibia jibu hilo ni Demetrious Johnson. Uzani wa kilo 57, mtu mdogo, mpole, anayependa michezo ya kompyuta, hana matusi. Kati ya 2013 na 2017 alitetea mkanda wake mara 11 mfululizo, rekodi ambayo hakuna bingwa wa UFC aliyewahi kuifikia kabla yake. Oktoba 2017, dhidi ya Ray Borg, alimwinua mpinzani hewani, akambwaga, na kabla hajatulia chini akawa ameshamnasa mkono. Niliirudia ile video kama mara ishirini. Lakini tiketi zake haziuziki, ndivyo walivyosema. Agosti 2018 akapoteza kwa Henry Cejudo, majaji wenyewe wakigawanyika, na kabla ya mwaka kuisha wakamwachia aende ONE Championship ya Asia. Wao wakamchukua Ben Askren, mtu anayejua kuongea. Yaani walibadilishana, kama wachezaji wa mpira.

Sasa hapo ngumi iliamua nini? Iliamua mara 11, na haikutosha.

Ningeweza kuishia hapo, nikiwalaumu mabosi wa Las Vegas. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na mwandishi naye anapanga mapambano, ila yeye anapangia ukurasani.

Mwaka 2022 hapa kwetu jina lililokuwa midomoni mwa kila mtu ni Karim Mandonga, Mtu Kazi. Ngumi zake alizipa majina, alitabiri, alichekesha. Alipigwa na Shabani Kaoneka na jina lake likakua zaidi. Sina ugomvi naye. Mtu kapata riziki kwa jasho na ulimi, na Januari 2023 alikwenda Nairobi akamshinda Daniel Wanyonyi, tukafurahi. Shida ilikuwa kwangu.

Miezi ile nilikuwa nimekaa siku mbili na bondia mmoja kijana wa Temeke. Jina lake silitaji. Alikuwa hajapoteza pambano hata moja. Asubuhi anakimbia, mchana anabeba mizigo sokoni, jioni anafanya mazoezi na glovu za kuazima. Hajui kuongea. Ukimuuliza atamfanya nini mpinzani, anajibu, "Nitajitahidi, kaka." Niliandika makala ndefu, naamini ilikuwa nzuri. Mhariri akaisoma, akasema, "Nzuri, lakini nani anamjua? Niletee kitu cha Mandonga."

Nikampelekea. Sikubisha hata sentensi moja. Niliandika kwa saa moja, ikasomwa kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeandika mwaka ule, na nikapongezwa kwenye kikao.

Kijana akawa ananipigia. "Kaka, stori yangu inatoka lini?" Nikamwambia wiki ijayo. Akapiga tena. Wiki ijayo. Mara ya nne simu iliita nikaiangalia tu mpaka ikakatika.

Nilipomsimulia mjomba, alicheka kidogo, halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kuna mwaka alikuwa amewashinda wote wa uzani wake waliokubali kukutana naye, na promota akamwahidi pambano la ubingwa. "Subiri kidogo," aliambiwa. Likapewa jina jingine, mtoto wa mjini aliyekuwa na mashabiki wake. Mjomba akasubiri. Alikuwa na miaka 31 alipoanza kusubiri na 34 alipoacha. "Aliyenipiga simjui," alisema. "Maana sikupigwa."

Mimi nina miaka 34 sasa. Sitaki tena kusikia kwamba biashara na michezo ni maadui. Bila biashara hakuna ukumbi. Nyota wa televisheni na apewe pambano lake, alipwe hata zaidi ya wote, na liitwe kwa jina lake, burudani. Lakini mkanda uwe na foleni, na aliye mbele aitwe akiwa bado na miguu ya kusimama. Mtu anayeamka usiku kukimbia amekubaliana na dunia jambo moja tu, kwamba akishinda atasogea. Ukishalivunja hilo, hukumnyima pesa peke yake. Umemdanganya.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule kijana. Nilikuwa nimepata gazeti jingine lililokubali makala yake. Alipokea haraka, sauti ileile ya upole, nyuma yake injini inanguruma. Anaendesha bajaji. Glovu alizirudisha kwa mwenyewe mwaka jana.

Nikamweleza kuhusu makala. Akakaa kimya, abiria akamuuliza kitu, akamjibu, halafu akarudi kwenye simu.

"Stori ya nini tena, kaka?"