Shangazi Tatu na Komandoo Tatu

Kwetu Tatu ni jina la kike. Shangazi yangu anaitwa hivyo kwa sababu alizaliwa wa tatu, basi, hakuna falsafa. Ndiyo maana nilicheka peke yangu kwenye daladala nilipoanza kusoma kumbukumbu za Che Guevara za vita ya Kongo, zile alizoziandika akiwa amejificha ubalozi wa Cuba hapa Dar es Salaam. Mtu ambaye sura yake iko nyuma ya nusu ya bajaji za mji huu, eti naye alikuwa Tatu.

Hesabu ilikwenda hivi: Víctor Dreke akaitwa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na mkubwa wao akajiweka wa tatu ili asishtukiwe. Aprili 1965 walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma. Wengine wakafuata, mpaka wakapita mia moja, wengi wao weusi, waliochaguliwa makusudi wasitofautike na wenyeji. Kiswahili chetu kikawa kificho.

Kicheko kiliniisha nilipofika upande wa pili wa vita, maana huko nako kulikuwa na Wacuba. CIA iliwaajiri marubani waliomkimbia Castro, wakarusha ndege za Kimarekani dhidi ya waasi wa Simba mashariki mwa Kongo. Baadaye wenzao wakaendesha boti za doria ziwani. Nchi kavu walikuwepo mamluki wazungu wa Mike Hoare. Wacuba wanawindana kwenye ardhi ya Wabembe, na rasmi hakuna Mcuba yeyote aliyekuwepo. Mwezi Juni, kwenye shambulio la Bendera, Wacuba wanne waliuawa, na shajara ya mmoja wao ikaokotwa. Hapo ndipo siri ya upande mmoja ilipovuja.

Ila siri kwa nani? Mwanakijiji wa Fizi aliiona ndege, akaisikia, akazika. Alichonyimwa ni mtu wa kumshtaki. Ukiniuliza mimi ninayeishi kwa kuuliza maswali, hilo ndilo dhara nisiloweza kulizoea: vita isiyotangazwa haina ofisi ya kupeleka malalamiko.

Na sisi Watanzania tusijitoe. Silaha za waasi zilipita Dar na Kigoma, serikali ikijua. Tunaiita historia ya ukombozi, na kwa sehemu kubwa naamini ilikuwa hivyo. Lumumba alikuwa ameuawa miaka minne tu nyuma, na hasira ilikuwa ya haki. Lakini mvuvi wa Kigoma hakuulizwa kama anataka ziwa lake liwe mstari wa mbele. Kisha, baada ya wakuu wa Afrika kukutana Accra, tukawaomba Wacuba waondoke.

Wakavuka kurudi Novemba 21. Siku tatu baadaye Mobutu akatwaa nchi, akakaa nayo zaidi ya miaka 31. Aliyemwondoa ni Laurent Kabila, yule yule ambaye Che alilalamika haonekani vitani. Safari hii nyuma yake kulikuwa na jeshi la Rwanda, ambayo ilikana kuhusika mpaka mambo yalipokwisha, Julai 1997. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kigoma mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa vita hiyo. Bado ipo.

Wa kumfikiria zaidi, kwangu, ni Freddy Ilanga. Alikuwa kijana wa Kikongo, hajafika hata miaka 20, aliyepewa kazi ya kumfundisha Tatu Kiswahili na kumtafsiria. Wacuba walipoondoka alipelekwa Cuba. Alisoma, akawa daktari wa upasuaji wa ubongo. Familia yake ilikuwa Bukavu. Alipokuja kuwasiliana nayo tena, ilikuwa imepita karibu miaka 40.