Bikoni ya Nne

Kununua ardhi kwa niaba ya mtu aliye mbali ni amana nzito. Fedha si zako, kiwanja hakitakuwa chako, lakini macho ni yako, na kila utakachokiona au kutokiona kitabaki kwa mwenzako maisha yake yote, pengine hata kwa wanawe. Mdogo wangu anaishi Houston, Texas, na huko ameshanunua nyumba. Alipoamua kutafuta kiwanja nyumbani, upande wa Kibaha, aliniomba nimsimamie. Nilitegemea aanze kuniuliza bei au ukubwa, au kama umeme umefika. Aliuliza, "Dada, huko mtu anaweza kukata bima ya hati?"

Sikuwa na jibu. Bima ya gari naijua, ya afya naijua, ya moto naisikia. Bima ya hati ilikuwa ngeni kwangu, na ikabidi anieleze taratibu. Huko Marekani mnunuzi wa nyumba huilipia mara moja tu, siku ya kukamilisha mauziano. Bima nyingine zote ninazozijua zinatazama mbele, zinangoja ajali ambayo haijatokea na ugonjwa ambao haujafika. Hii inatazama nyuma. Sahihi iliyoghushiwa zamani, mrithi aliyefichwa wakati wa mirathi, deni la mwenye nyumba wa awali ambalo halikulipwa: lolote kati ya hayo likiibuka baadaye, kampuni inamtetea mnunuzi mahakamani au inamfidia hasara.

Baadaye nilisoma chimbuko lake, nikakaa nalo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1868, katika jimbo la Pennsylvania, iliamuliwa kesi ya Watson dhidi ya Muirhead. Watson alinunua mali kupitia kwa Muirhead, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza hati na kuandaa uhamisho. Muirhead aliliona deni kwenye kumbukumbu, akamuuliza mwanasheria, akaambiwa deni lile haliishiki ardhi ile, naye akampa mteja wake neno kwamba mambo ni salama. Deni likaja kuishika. Watson akapoteza fedha, akashitaki, na mahakama ikasema Muirhead hakuzembea, kwa maana alifanya alichopaswa kufanya mtu makini wa kazi yake. Miaka minane baadaye, 1876, kampuni ya kwanza ya bima ya hati ikaanza kazi Philadelphia.

Kinachonigusa katika kisa hicho ni kwamba hakina mwizi. Sisi tukizungumza habari za ardhi, mazungumzo hukimbilia kwa matapeli: dalali aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, ndugu aliyeuza shamba la marehemu kabla ya arobaini. Watu hao wapo na wameliza wengi. Lakini ukimfikiria tapeli peke yake unajifariji kwamba ukimkwepa umepona. Watson hakukutana na tapeli. Aliumia katikati ya watu waaminifu, kila mmoja akiwa ametimiza sehemu yake, na kilichobaki kilikuwa pengo ambalo hakuna aliyekabidhiwa kulilinda.

Basi nilianza kazi ya mdogo wangu nikiwa na hofu ya aina mpya. Kiwanja tulichoonyeshwa kilikuwa na hati, jambo ambalo si dogo. Kwetu Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, na hati inampa mtu haki ya kuimiliki kwa miaka 33, 66 au 99 kwa masharti. Watu wengi wa kipato changu hawafiki huko. Hununua eneo ambalo halijapimwa, ishirini kwa ishirini, hatua za miguu zikihesabiwa mbele ya mjumbe na majirani, kisha karatasi ya mauziano inagongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Siudharau utaratibu huo. Umewapa maelfu ya familia mahali pa kulala, na una jambo moja ambalo ofisi kubwa haina, kwamba majirani wanakuwepo pale pale mpaka unapotajwa.

Nilipitia hatua nilizoelekezwa. Upekuzi kwa Msajili wa Hati ulionyesha jina la muuzaji, hakuna rehani, hakuna zuio. Ofisi ya mipango miji nikauliza kuhusu hifadhi ya barabara, kwa sababu hakuna anayeishi ukanda huu aliyesahau mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, alama za X zikiwa bado nyekundu ukutani. Wakili akashauri tupate ridhaa ya mke wa muuzaji. Mke akaja, akasema atasaini, akaondoka. Hata sasa sijui kama alikuwa amekubali moyoni au alikuwa amechoka, na sioni karatasi inayoweza kunijibu.

Siku hizo hizo nikasoma hukumu ya majirani zetu. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha Nyali kilichopakana na ufukwe. Kampuni ilikuwa na hati. Kiwanja kilikuwa kimegawiwa mwaka 1989, kikauzwa, kikauzwa tena, na mwaka 2017 kaunti ikabomoa ukuta ikisema pale ni mahali pa umma na njia ya wananchi kwenda baharini. Mahakama ilisema hati peke yake haitoshi pale asili yake inapotiliwa shaka. Mnunuzi anapaswa kurudi nyuma mpaka kwenye ugawaji wa kwanza na kuona kama ulifuata sheria. Ukiwa na kasoro pale mwanzoni, nia njema ya aliyenunua mwishoni haiuponyi.

Niliisoma nikiwa upande wa wananchi na njia yao ya baharini, na bado niko upande huo. Ila nilijiuliza nirudi nyuma hadi wapi. Kabla ya hati ya muuzaji wetu kulikuwa na upimaji, kabla ya upimaji kulikuwa na mashamba ya mikorosho, na mikorosho ilikuwa na wenyewe.

Nilimwita mpima ardhi mwenye leseni athibitishe mipaka. Dalali alishangaa: kiwanja kina hati, kimeshapimwa, ukipime cha nini tena? Ni swali la haki, nami nilikuwa na jibu hafifu tu, kwamba mdogo wangu hatakuja kukiona. Mpima alikuwa kijana mtulivu. Alisimamisha mashine yake, akaingiza namba kutoka kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na moja baada ya nyingine bikoni tatu zikapatikana, chuma ndani ya zege, zimefunikwa na nyasi. Ya nne mashine ilituelekeza ng'ambo ya ua wa minyaa, ndani ya uwanja wa jirani, karibu na jiko lake la nje. Tuliomba ruhusa. Kijana alifukua chini ya kuni zilizopangwa, na zege likaonekana, namba yake ikisomeka kwa shida. Kwa mujibu wa karatasi, kipande cha pembetatu, upana wake kama mita nne kwenye kona ile, kilikuwa cha muuzaji. Kwa mujibu wa minyaa, kilikuwa cha bibi tuliyemkuta amekaa barazani.

Hakugomba. Alisema, "Hicho chuma nilikikuta siku moja nikitoka kumuuguza dada yangu. Minyaa aliipanda marehemu kabla hamjaja ninyi watu wa vyuma." Kisha akatukaribisha maji.

Wakili aliniambia mambo ambayo hayakunituliza. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa mwenye ardhi miaka 12 kudai mahakamani, na muda ukipita dai lake linaweza kufa. Lakini kukaa kwenyewe kuna namna nyingi, na mahakama huangalia kila kisa. Aliyekuwepo kabla ya upimaji alistahili kutambuliwa wakati ule, au kufidiwa. Kama bibi alitambuliwa au la, hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kuonyesha.

Nilipomsimulia mdogo wangu, alinyamaza, halafu akasema ataitafuta bima yake aisome. Alinipigia siku iliyofuata. Kwenye orodha ya mambo ambayo kampuni yake hailipi, kulikuwa na tofauti za mipaka ambazo upimaji sahihi ungezifichua, na haki za watu wanaoikalia ardhi. Mnunuzi akileta ramani ya mpima na kuongeza malipo, kampuni inaweza kukipunguza kizuizi hicho, lakini mwanzo wake ndio huo. Kwa hiyo hata huko, ambako shaka yenyewe imewekewa bei, asingeonekana bibi kama huyu kwa kusoma kumbukumbu peke yake. Sharti mtu aende, akanyage, aombe ruhusa ya kuingia uani.

Hapo ndipo nilipoanza kuutazama upimaji kwa jicho jingine. Nilidhani kazi yake ni kujua kiwanja kina mita ngapi. Sasa naona kwamba kwangu mimi faida yake kubwa ilikuwa kutufikisha kwenye baraza ambalo tusingelifikia. Lakini sitaki kulipamba jambo hili. Kumwona mtu si sawa na kujua umtendee nini. Amana yangu ni kwa mdogo wangu, ambaye ameweka akiba kwa miaka akifanya kazi za usiku, na karatasi iko upande wake. Nikimwaza bibi na minyaa ya marehemu mumewe, je, natumia fedha za mwingine kufanya wema wangu? Na nikinyamaza, nikaacha sheria ichukue mkondo wake, nitamtazamaje huyo bibi atakapokuwa jirani wa ndugu yangu?

Muuzaji alipopata habari alisema tusihangaike, yeye atausafisha mpaka kabla ya kutukabidhi. Alilisema kwa nia ya kutusaidia, nadhani. Mimi lilinishtua kuliko bikoni yenyewe, kwa kuwa nilielewa kinachoweza kutokea kwa jina letu sisi tukiwa hatupo. Nilimwomba asiguse kitu. Nikajiuliza pia, tukijitoa, atakuja mnunuzi mwingine ambaye hatapima, au atapima na kuleta trekta. Kujiweka kando kungenipa mimi usingizi. Bibi kungempa nini?

Nimemwandikia mdogo wangu yote, pamoja na nisiyoyajua. Akaniuliza kingekuwa changu ningefanyaje. Nimemjibu kwamba ningeomba muuzaji, bibi na wanawe, mpima na mwenyekiti wa mtaa wakae pamoja, pembetatu ile iondolewe kwenye bei, mpaka upimwe upya na hati irekebishwe, ingawa itatuchelewesha na kugharimu zaidi, na kiwanja kitapungua. Nimemwambia pia kwamba wanawe bibi sijawaona bado, na huenda wana hesabu zao ambazo mama yao hakuzitaja. Muuzaji ametupa hadi mwisho wa mwezi. Mdogo wangu amesema atazungumza na mkewe kwanza, na ameniomba, kabla ya jambo lolote, nirudi kwa bibi nimuulize yeye mwenyewe angependa mpaka upite wapi. Nitakwenda Jumamosi.