Mfuko Ung'aao Gizani

Kila mwaka, tarehe 31 Oktoba, watoto wa Marekani huvaa mavazi ya kuigiza: huyu simba, huyu mfalme, huyu mzuka. Jua likiisha kutua hupita nyumba kwa nyumba wakibisha hodi na kuomba pipi. Sikukuu hii yaitwa Halloween, maana yake mkesha wa Watakatifu Wote, nayo ilienea huko katika karne ya 19 kwa watu waliohama kutoka Ayalandi na Scotland. Sisi tufundishao watoto wadogo katika mji mmoja wa nchi hiyo twapenda kuwaeleza ndugu zetu walimu jinsi tutumiavyo karatasi na gundi kuwafundisha watoto kujilinda usiku huo.

Kwanza yafaa kuijua hatari yenyewe. Wazazi wengi huogopa sumu katika pipi. Lakini Joel Best, mtaalamu wa elimu ya jamii, alichunguza habari za namna hiyo tangu zile za mwaka 1958, wala hakuona hata mtoto mmoja aliyethibitishwa kuuawa na pipi ya mtu asiyemjua. Kweli, mwaka 1974 katika Texas mtoto alikufa kwa pipi yenye sumu, walakini aliyempa ni baba yake mwenyewe.

Hatari iliyo kubwa ni motokaa. Wataalamu waliohesabu vifo vya waendao kwa miguu tangu mwaka 1975 hata 2016 waliona kwamba jioni ya Halloween hatari ya kufa huzidi ile ya jioni za juma lililotangulia na lifuatalo kwa 43 katika kila 100. Na kwa watoto wa miaka 4 hata 8 huwa mara 10. Sababu zake si fumbo. Giza laingia, watoto ni wengi barabarani, mavazi mengi ni meusi, barakoa zazuia macho, na furaha yamsahaulisha mtoto kutazama.

Kumwambia mtoto maneno haya ni kazi nyepesi, ila hayakai. Mtoto wa miaka 5 huitikia, "Ndiyo, mwalimu," kisha akakimbia. Bali jambo alilolitenda kwa mikono yake halimtoki upesi. Kwa hiyo juma moja kabla ya sikukuu twampa kila mtoto mfuko wa karatasi nene, wa kutilia pipi. Upande mmoja huchora apendavyo, boga au popo. Upande wa pili hubandika picha tatu alizozikata kwa mkasi. Jicho: tazama kushoto, na kulia, na kushoto tena, ndipo uvuke. Mkono: shika mkono wa mtu mzima. Taa: bisha penye taa mlangoni tu, wala usiingie ndani. Mwisho twazungusha mfuko utepe ule ung'aao upigwapo na mwanga.

Kazi ikiisha, twafunga mapazia na kuzima taa. Mwalimu husimama mwisho wa chumba, ameshika kurunzi karibu na jicho lake, kana kwamba ndiye motokaa. Mtoto mmoja, amejitanda kitambaa cheusi, husimama mbali pasipo mfuko, kisha pamoja na mfuko. Mwaka mmoja kijana mdogo aliisha kupita mara zote mbili, akatuambia, "Mwalimu, mara ya kwanza nilikuwapo, lakini hamkuniona." Darasa lote likanyamaza.

Katika darasa letu wamo watoto ambao wazazi wao walitoka Kongo, nao husema Kiswahili nyumbani. Mama mmoja alikuja na mfuko wa mwanawe mkononi, akauliza, "Walimu, je, mwawafundisha watoto wetu uchawi?" Tulimjibu kwa heshima kwamba kila nyumba ina hiari ya kushika sikukuu hiyo au kuiacha, walakini barabara haimwulizi mtu kama anashika sikukuu. Tukamwonyesha utepe kwa kurunzi. Mama akautazama kitambo, kisha akaomba kipande cha kushona katika koti la mumewe, ambaye hurudi kazini usiku kwa miguu. Tulimpa vipande viwili.

Hatusemi kwamba utepe waweza kuzuia motokaa. Ni wajibu wa dereva kwenda polepole, na wa mzazi kufuatana na mtoto wake. Lakini mtoto naye ana sehemu yake, nayo yapasa kufundishwa kwa vitendo angali mdogo. Hata ninyi msio na Halloween kwenu, mnao watoto waendao shuleni alfajiri kando ya barabara. Mkasi, gundi na kipande cha utepe havigharimu sana. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.