Kumbukumbu Isiyokumbuka: Istilahi Moja na Orodha ya Maneno ya Gendabi

Katibu wa kikao akiombwa aingize jambo kwenye kumbukumbu, kila aliyehudhuria huelewa kwamba jambo hilo limeandikwa na mwakani litasomeka. Wataalamu wa istilahi walipolitwaa neno hilohilo kuita sehemu ya kompyuta ambamo data hukaa wakati mashine inafanya kazi, walifuata maana ya kukumbuka kwa akili, na kwa upande huo hawakukosea. Ila sehemu hiyo hufutika umeme unapozimwa. Ndivyo Kiswahili kilivyojikuta na neno moja la mambo mawili yanayopingana: kilichoandikwa ili kidumu, na kilichoshikwa kwa muda tu.

Mgongano huo ungebaki mchezo wa maneno lau usingeigusa kazi ya uwandani. Achukuliwe mwanafunzi wa uzamili anayekwenda Gendabi, karibu na Mlima Hanang, kukusanya msamiati. Eneo la Mbulu na Hanang ni adimu kwa mwanaisimu: Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kibarabaig ni lahaja ya Kidatooga katika kundi la Kiniloti cha Kusini, na upande wa Singida kipo Kinyaturu, ambacho ni cha Kibantu. Mchana mwanafunzi huwahoji wazee. Jioni huingiza maneno kwenye kompyuta. Lugha ya skripti inayomfaa ni Perl, wala si ajabu, kwa kuwa Larry Wall, aliyeitoa mwaka 1987, alikuwa amesomea isimu akikusudia kuipatia maandishi lugha isiyokuwa nayo.

Perl huwasiliana na hifadhidata kupitia moduli iitwayo DBI, nayo DBI hutegemea kiendeshi, yaani programu ndogo inayopeleka maombi kwa hifadhidata ya aina fulani. Miongoni mwa viendeshi vinavyokuja na DBI yenyewe kimo DBD::Mem. Mtumiaji huandika dbi:Mem: pale ambapo angetaja faili au seva, kisha huunda jedwali, hulijaza na kulihoji kwa SQL kama kawaida. Hakuna faili linaloundwa. Uhai wa jedwali ni uhai wa muunganisho. Muunganisho ukifungwa, jedwali limekwisha. Hii, basi, ni hifadhidata isiyohifadhi. Wapo wapendeleao kanzidata, lakini kanzi ni hazina, na hazina inayoyeyuka kila jioni haina nafuu yoyote.

Hata hivyo, kutodumu huko kuna fadhila zake. Kiiraqw hutumia alama ya mshazari (/) kama herufi, kuwakilisha konsonanti ya koromeo ambayo Waarabu huiandika kwa ain. Alama hiyohiyo ndiyo ambayo Perl kwa kawaida hufungia ruwaza za kutafutia, na katika mifumo mingi ndiyo inayotenga folda na faili. Tena, Perl isipoelekezwa vinginevyo, maneno yote yanayoanza na mshazari hupangwa kabla ya herufi a, kana kwamba konsonanti nzima ya watu ni kituo cha uakifishi. Mtafiti hana budi kujaribu: abadilishe alama, apange upya, alinganishe orodha ya Kiiraqw na ya Kibarabaig ili kusaka maneno ya mkopo, agundue kosa, aanze tena. Majaribio ya namna hii yakifanywa kwenye jedwali la muda, faili asilia haliguswi, na majaribio kumi yaliyoharibika hayaachi doa. Shabaha ya kiendeshi ni hiyo hasa: majedwali ya kupita, ya kusaidia maswali ambayo jedwali moja la kudumu haliwezi kuyajibu.

Balaa huanza pale urahisi huo unapomvuta mwanafunzi kuingiza maneno mapya moja kwa moja kwenye jedwali lisilo na faili. Anamwarifu msimamizi wake kwamba data ziko kwenye kumbukumbu. Msimamizi, aliyezoea kumbukumbu za vikao, anatulia. Wote wawili wamesema na kusikia Kiswahili sanifu. Saa tatu usiku betri inakwisha, na kesho yake mzee aliyetoa maneno mia mbili hatakuwa na sababu ya kuyarudia, wala hakuna anayeweza kumdai. Mkulima wa Hanang hupepeta mahindi kwenye ungo lakini halazi mavuno yake humo. Ana kihenge au gunia. Tofauti ambayo lugha ya shambani huitamka bila shida, istilahi ya kompyuta imeifuta.

Isidhaniwe kwamba kuandika kwenye diski kunamaliza jambo. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwemo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mbele ya msiba huo orodha ya maneno ni jambo dogo, na yafaa lisemwe kwa unyenyekevu. Lakini diski na daftari vilivyomo katika nyumba moja husombwa pamoja.

Wanaofundisha mbinu za uwandani wangefanya vyema kusema kumbukumbu tete kila wanapotaja ile ya mashine, na kuliacha neno hifadhi kwa kile kilichoandikwa mahali zaidi ya pamoja. Kwa mwanafunzi wa Gendabi hiyo ina maana ya mistari michache tu ya skripti: kabla muunganisho haujafungwa, kila safu inayostahili kubaki inaandikwa kwenye faili la matini, na nakala ya pili inaondoka kwenda Babati au Dar es Salaam ndani ya wiki hiyohiyo.