Gari Lililokataa Kuwaka



Mwezi uliopita, katika mkutano wa kikundi kimoja cha vijana, nilisikia mtu akisema juu ya mwenzake ambaye hakuwapo: «Huyo tunamjua. Ni yeye aliyekula fedha za safari.» Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Nami nilichelewa kufungua kinywa, kwani maneno ya namna hiyo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe mwaka 1992, nikiwa nimesimama kando ya gari lililokataa kuwaka. Leo nawasimulia kosa hilo.

Parokia yetu, huko milimani Kivu ya Kusini, ilikuwa na Land Rover ya zamani, ya aina iitwayo Series III, ambayo Waingereza waliitengeneza kati ya mwaka 1971 na 1985. Moteri yake ilikuwa ya esansi, yenye silinda 4, na mbele palikuwa na tundu la kuingiza manivela ili kuiwasha kwa mikono. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya ualimu, nikifundisha kundi la kipaimara. Kwa kuwa nilipenda vyuma, Padri aliniachia matengenezo madogo ya gari. Wiki chache kabla ya haya ninayosimulia, nilikuwa nimebadilisha platine zake. Lishikeni neno hilo.

Siku moja nilimtuma mwanafunzi wangu, kijana wa miaka 16, kununua lita 10 za esansi kwa wauzaji wa kando ya njia, wale ambao leo tunawaita Kadafi. Akarudi na bidoni, tukamimina. Kesho yake alfajiri Padri alipaswa kumpelekea mgonjwa sakramenti katika kijiji cha mbali. Demareri ilizungusha moteri vizuri, lakini moteri haikushika. Tukalisukuma gari hadi kwenye mteremko, halikuwaka. Tukazungusha manivela kwa zamu hadi viganja vikachubuka, halikuwaka. Padri akalitazama jua, akachukua mkoba wake, akaenda kwa miguu.

Hapo nikamgeukia yule kijana. Mbele ya wenzake na mbele ya wamama wa shirika waliokuja kufagia kanisa, nilisema kwamba alinunua esansi yenye maji kwa bei ndogo, akatia mfukoni fedha iliyobaki. Alikana. Kukana kwake nilikuita ukaidi. Jioni nilifuta jina lake katika orodha ya kipaimara.

Siku iliyofuata alikuja mzee mmoja fundi, aliyezeeka akitengeneza magari ya namna hiyo. Hakugusa kitu kwanza, aliuliza. Gari lilianza lini kusumbua? Nikajibu: jana. Akauliza tena: kabla ya jana liliwaka mara moja? Nikakumbuka, bila kupenda, kwamba kwa siku tatu nzima lilikuwa likiwaka kwa shida. Siku tatu, yaani kabla ya ile esansi kununuliwa. Jambo hilo nililijua, ila sikulipa nafasi ya kusema.

Kisha mzee akanieleza kwamba moteri ya esansi inahitaji mambo machache tu ili iwake: izunguke kwa nguvu ya kutosha, ipate esansi iliyochanganyika na hewa, ipate cheche kwa wakati wake, na silinda ziweze kubana hewa hiyo. Asipoyapima moja baada ya jingine, fundi hubadilisha vyuma vizima na kukiacha kibovu mahali pake.

Kuzunguka, ilizunguka. Akaenda kwenye esansi. Pampu ya gari letu ilikuwa na kikombe kidogo cha kioo ambamo uchafu hutuama. Kilikuwa kimefunikwa na tope kavu. Akalifuta kwa kitambaa. Maji ni mazito kuliko esansi. Kama yangekuwamo, yangeonekana chini ya kikombe, yamejitenga. Hapakuwa na maji. Akajaza chupa safi kutoka katika tangi, akaiacha itulie, akaiinua kwenye mwanga: esansi safi, rangi moja kutoka juu hadi chini. Vijana wapenzi, kazi hiyo yote haikutimiza robo saa. Kitambaa kimoja kingetosha kulinda jina la mtoto wa watu.

Akaondoa chupa, akapangusa esansi iliyomwagika, akangoja mvuke wake uishe, maana cheche na mvuke wa esansi havikai pamoja. Halafu akafungua buji moja, akairudisha kwenye waya wake, akaulaza mwili wa buji juu ya chuma cha moteri, mbali na tundu lake. Nikazungusha manivela. Cheche nzuri huonekana ya buluu na hulia. Sisi hatukuona chochote.

Basi akafungua kifuniko cha delko. Ndani yake mna platine, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vinapogusana, umeme wa batri hupita katika bobini. Vinapoachana, bobini hutoa umeme wa maelfu ya volti, nao ndio unaoruka kwenye buji na kuzaa cheche. Zisipoachana, hakuna cheche. Katika gari lile nafasi kati yao, zinapofunguka kabisa, inapaswa kuwa kama milimita 0.4, unene wa karatasi chache. Mzee alizungusha moteri polepole, nami nikaangalia. Platine hazikufunguka hata kidogo.

Akanionyesha sababu. Platine hufunguliwa na mguu mdogo unaokwaruzana na mti unaozunguka katikati ya delko. Mti huo hupakwa grisi kidogo. Ukiachwa mkavu, mguu husagika upesi, na nafasi hupungua siku kwa siku mpaka inakwisha. Mti wetu ulikuwa mkavu kabisa. Mzee hakuuliza nani aliyefunga platine zile. Akapaka grisi ndogo kama punje ya mchele, akapima nafasi kwa kibamba chake cha chuma, akakaza skurubu. Gari likawaka kwa mara ya kwanza.

Nilisikia moteri ikinguruma, nami nikatamani izimike. Kosa halikuwa la mtoto aliyetumwa sokoni. Lilikuwa la mwalimu wake, aliyesahau grisi.

Nilimwendea Padri, nikamwambia kwamba nitamwita kijana pembeni nimwombe msamaha. Padri aliniuliza neno moja: «Ulimshitaki wapi?» Jumapili baada ya Misa nilisimama mbele ya watu wale wale, nikasema kwamba nilimsingizia, na kwamba kibovu kilikuwa kazi ya mikono yangu. Nilirudisha jina lake katika orodha. Lakini yeye hakurudi darasani mwaka ule. Wenzake walipaimarishwa yeye akiwa nyumbani kwao. Alirudi mwaka uliofuata, akapaimarishwa, akaniamkia kwa heshima kama mwanafunzi anavyomwamkia mwalimu. Yale mazungumzo tuliyokuwa nayo zamani hayakurudi. Platine hupatikana sokoni. Imani iliyovunjika kati ya watu haiuzwi popote.

Bwana wetu alitukataza kuhukumu, na alisema juu ya boriti iliyo katika jicho la yule anayetafuta kibanzi kwa mwenzake. Zamani nilifikiri anatufundisha upole tu. Tangu siku ile naona kwamba anatufundisha pia ukweli: mwenye boriti jichoni haoni vizuri, naye atakosea hata akiwa na nia njema. Mimi nilikuwa na nia njema. Nilitaka mgonjwa apate sakramenti.

Kwa hiyo, fedha za kikundi zikipungua, hesabuni daftari kabla ya kuhesabu wakosefu. Mwimbaji akiacha kuja mazoezini, mwendeeni nyumbani kabla ya kumwita mvivu. Huenda kuna mgonjwa anayemtunza. Ulizeni shida ilianza lini. Anzeni na kile kinachoonekana kwa kufuta tope kidogo. Na katika orodha ya mambo ya kupima, kila mmoja aweke pia kazi ya mikono yake mwenyewe, wala asiiweke mwisho.

Maswali ya kutafakari pamoja

1. Je, katika kikundi chetu yuko mtu aliyeondoka kwa sababu ya neno ambalo hakuna aliyelihakikisha? Nani atamwendea?
2. Ni mara ngapi tumeomba msamaha pembeni kwa kosa tulilotenda mbele ya watu?
3. Ni kazi gani ndogo niliyokabidhiwa ambayo nimeiacha ikauke, nami nalaumu wengine kwa matunda yake?

Tuombe: Ee Bwana, utupe subira ya kutafuta ukweli kabla ya kusema, na ujasiri wa kuusema ukweli huo hata unapotushitaki sisi wenyewe. Amina.