Umeenda Ulaya Kununua Kutu?

Jumamosi iliyopita nimekerwa, na nisipoandika leo nitaendelea kugombana na vyombo jikoni. Tulikwenda kwenye mkusanyiko wa wapenzi wa baiskeli kuukuu, hapa hapa Nottingham, kwenye uwanja ulio nyuma ya baa moja. Nimeegesha Raleigh yangu ya mwaka 1956, nyeusi tii, madigadi yanang'aa, mstari wa dhahabu nimeuchora kwa mkono wangu mwenyewe. Mzee mmoja mwenye soksi ndefu akachuchumaa, akavaa miwani, akaitazama fremu, akaguna. Halafu akamgeukia mume wangu, mtu ambaye ukimwomba spana namba 14 anakuletea koleo, akamwuliza kwa huruma: "Nani ameipaka rangi?"

Mume wangu akaninyooshea kidole, kama mtoto anayemsemea mwenzake kwa mwalimu.

Basi nikapewa somo. Kwamba rangi ya kiwandani ingeachwa ilivyo, na kutu yake, na mikwaruzo yake. Kwamba kwa kuipiga msasa nimeiondolea nusu ya thamani. Kutu ile ina miaka zaidi ya sitini, akasema, ni historia. Nikanyamaza kwa sababu nimelelewa, mtu mwenye mvi habishiwi mbele za watu. Lakini jamani, tangu lini kutu ikawa historia? Kwetu ni kutu. Mama nilipomwonyesha hiyo baiskeli kwenye simu siku nilipoileta nyumbani, bado ina utando wa buibui kwenye spoki, alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Mwanangu, umeenda Ulaya kununua kutu? Si Phoenix zipo hapa stendi, mpya kabisa?"

Tuelewane. Huku kufufua baiskeli ni ibada kamili. Kwanza unaipiga picha pande zote kabla hujagusa nati hata moja. Kila kinachofunguliwa kinaingia kwenye kifuko cha plastiki, vile vya kugandishia nyama, na juu yake unaandika: ekseli ya mbele, kushoto. Gololi zinahesabiwa, kumi na moja za robo inchi kila upande wa ekseli ya padeli. Kromu inasuguliwa kwa karatasi ya foili iliyochovywa maji, kutu inageuka tope la kahawia na chuma kinaanza kukukonyeza. Vyenye kutu nzito vinalazwa usiku kucha kwenye beseni la asidi ya oksaliki, na wewe una glavu mpaka viwikoni. Jirani yangu ana banda bustanini lenye hita, redio na visanduku vyenye lebo mpaka vya washa. Kuna baiskeli aliifungua kabla ya Korona na mpaka leo iko visandukuni. Kila nikipita ananieleza hatua aliyofikia. Sidhani kama anataka ifungwe tena. Ikifungwa atakuwa hana pa kwenda jioni.

Kwetu Kahama, fundi wa Babu alikuwa na spana tatu, nyundo, tupa, patasi na sufuria la mafuta ya taa. Gololi zinamwagwa kwenye kifuniko cha ndoo, zinaoshwa, zinapakwa grisi, zinarudi. Ikipotea moja mchangani anasema "hiyo haina shida", na kweli Babu anapanda, anaondoka na gunia lake. Simsifu sana, maana ile patasi imeniudhi utoto wangu wote. Nati za baiskeli ya Babu zilikuwa za duara, pembe zote zimekwisha kwa kupigwa. Na nikisogea nione, naambiwa, "Dada, kaa huko kivulini utachafuka." Kwa hiyo yule mzee wa soksi hakunishangaza sana alipomwuliza mume wangu, hilo nalijua tangu nikiwa na magoti yenye vumbi.

Ila kivulini nilikuwa naona. Bakuli la upande wa kulia, pale ekseli ya padeli inapopita, kwenye baiskeli za Kiingereza linafunguka kinyume: ukilizungusha upande wa saa ndipo linatoka. Niliwakuta watu huku wamelikaza wiki nzima wakidhani wanalifungua, mmoja mpaka amekunja spana. Mimi nilimwona fundi akipiga patasi kuelekea mbele, nikaweka akilini. Raleigh nao walikuwa na ukaidi wao: wenzao wengi walitumia uzi wa meno 24 kwa inchi, wao wakachonga 26, kwa hiyo bakuli la kiwanda kingine haliingii. Usitupe bakuli la zamani hata likichakaa. Lioshe, liombee.

Kwa wasiojua ninakoishi, kiwanda chenyewe kilikuwa mtaa wa pili. Frank Bowden alinunua karakana ndogo kwenye barabara iitwayo Raleigh mwishoni mwa miaka ya 1880, akaikuza mpaka ikawa mji ndani ya mji. Leo sehemu ya eneo hilo ni chuo kikuu, vioo vitupu na bata wanaogelea, na wanafunzi wanapita na skuta za umeme. Gia tatu za Sturmey-Archer, ambazo wazee hapa wanazitaja kwa sauti ya kanisani, zinatengenezwa Taiwan tangu kampuni iliponunuliwa mwaka 2000. Ya kwangu ni ya hapa, habu yake ya nyuma imegongwa namba za mwezi na mwaka, 3 na 56. Nilipoifuta grisi nikaona hizo tarakimu, nikajikuta nahesabu Babu alikuwa na umri gani. Machi 1956 alikuwa bado hana baiskeli. Alipata yake baadaye, pamba ilipouzwa vizuri, na haikuwa na gia hata moja.

Hapa ndipo hadithi inaponiuma, na mzee wa soksi asisome aya hii. Babu hakuwahi kuipaka rangi baiskeli yake. Siku aliyoinunua aliiacha na makaratasi yake ya dukani, yalipochakaa akaifunga fremu nzima kwa vipande vya mpira wa ndani, kuanzia kichwani mpaka chini ya kiti, ili gunia lisiikwaruze. Ilibeba pamba, ilibeba mkaa, ilimbeba shangazi yangu kwenda kujifungua. Alipofariki, wajukuu tukaifungua ile mipira. Chini yake kulikuwa na weusi wa dukani, mistari ya dhahabu haijafutika, na yule korongo wa Raleigh kwenye kichwa cha fremu amesimama anakuangalia. Nilikuwa sijaona kitu kizuri namna ile. Mwaka uliofuata nikauliza iko wapi, Ba'mdogo akajibu bila kupepesa kuwa watu wa chuma chakavu walipita. Ameiuza kwa kilo! Gurudumu moja likabaki, watoto wakaliendesha kwa fimbo mpaka likapinda. Nilipomlalamikia akaniambia, "Kwani ungeipanda?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo linanikwama kooni. Labda ndiyo maana nimepaka ya kwangu. Labda sivyo. Tuendelee.

Kilichonifurahisha, maana sitaki mseme nalalamika tu, ni tairi. Raleigh hizi za breki za fimbo zina tairi ya inchi 28 kwa moja na nusu. Ingia duka lolote la baiskeli mjini hapa uulize, kijana atakutazama kana kwamba umemwomba mafuta ya taa ya chemli. Watengeneza baiskeli wengi wa hapa waliiacha tairi hiyo zamani. Lakini Wahindi na Wachina waliiga baiskeli ile ile, wakatoa Hero, Atlas, Phoenix, na wakaendelea kuitumikia dunia inayofanya kazi. Kwa hiyo tairi niliyofunga, kwenye baiskeli iliyozaliwa maili moja kutoka kitandani kwangu, imetoka India, na ni ile ile inayoning'inia kwenye misumari ya kila kibanda cha spea kuanzia Shinyanga mpaka Tabora. Wenye urithi wanaagiza kwa wenye mizigo. Hili sikumwambia yule mzee, nililikumbuka tukiwa njiani kurudi.

Ila kuna mzee mwingine, mstaafu wa kiwanda kile, anakaa barabara yetu. Aliniona nahangaika na ringi ya nyuma, inacheza kushoto kulia, nami nimefunga kipimo nilichonunua mtandaoni. Akakisukuma pembeni. Akageuza baiskeli, akaweka kidole gumba kwenye uma wa nyuma, akazungusha gurudumu, akawa anasikiliza ringi inapokwaruza ukucha. Hapo anavuta spoki moja nusu mzunguko, analegeza ya jirani yake, anazungusha tena. Chai yake haijapoa ringi imenyooka. Akasema kazini walilipwa kwa hesabu ya magurudumu, hakuna aliyekuwa na muda wa kipimo. Nikamwuliza kuhusu rangi yangu. Akasema kiwandani wangeipaka hivyo hivyo, ila mstari wangu wa dhahabu umetetemeka kidogo karibu na kiti. Ni kweli, umetetemeka.

Sasa bado jambo moja. Padeli ya kushoto inagonga, kok, kok, kila ninapopanda mlima. Ni kota pini, ile inayobana mkono wa padeli kwenye ekseli. Zinazouzwa huku siku hizi ni laini mno, ukiipiga nyundo inabonyea badala ya kukaa. Vijana wananiambia ninunue mashine ya kusukumia pini, bei yake inazidi niliyonunulia baiskeli. Mimi nataka pini ngumu, niichonge kwa tupa uso wake mpaka mikono miwili ya padeli inyooke mstari mmoja, niweke kipande cha bomba chini ili gololi zisiumie, nipige mara moja ya maana. Kwa hiyo kama kuna anayekuja Uingereza kabla ya Aprili na begi lake lina nafasi, apite Kariakoo kwenye spea za baiskeli aniletee pakiti. Za milimita tisa na nusu, si tisa. Akiulizwa uwanja wa ndege aseme ni za baiskeli, na Ba'mdogo asiambiwe kuwa bei yake nitarudisha kwa pauni.