Merikebu Iliyochomwa Tongoni

Tongo, kwa Kiswahili cha wazee wetu, ni mahali palipokaliwa na watu wakahama: mahame, ganjo. Tongoni, basi, ni kijiji kinachobeba msiba wake ndani ya jina. Kipo kilomita zipatazo 17 kusini ya mji wa Tanga, pembeni ya njia ya Pangani. Karibu na ufuo, jirani na mikoko, limesimama gofu la msikiti wa karne ya 15, na kulizunguka kuna makaburi karibu 40 ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mengi yalikuwa na nguzo ndefu, na ndani ya nguzo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Leo bakuli hazipo. Yamebaki matundu ya duara. Nguzo nazo nyingi zimelala chini, vipandevipande, kama watu waliochoka kungoja.

Siku tuliyomsomea mjomba wangu hitma ya arobaini, watu walipokuwa wananawa mikono, niliteremka peke yangu hadi magofuni. Mjomba alizaliwa Tongoni, mtoto wa mvuvi, lakini bahari haikumchukua. Alichukuliwa na injini. Alikuwa fundi wa magari Ngamiani, mjini Tanga, zaidi ya miaka 40, na mikono yake ilinukia grisi hata siku ya Idi. Alikuwa mtu wa swala tano, na bado Pasaka aliisubiri kama mwezi mwandamo, kwa sababu Pasaka ndiyo iliyokuwa siku za Safari, mbio za magari.

Vijana wa leo wakisikia Safari Rally hufikiria Kenya. Haikuanza hivyo. Mashindano yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku chache, usiku na mchana, katika barabara zilezile za kila siku, zenye mabasi, ng'ombe na wanafunzi. Pasaka huangukia masika, na masika hayana mkubwa. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza tena 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404.

Lakini Peugeot iliyomkaa mjomba moyoni ilikuwa nyingine: ile ya Bert Shankland na Chris Rothwell, iliyoshinda mwaka 1966 na ikashinda tena 1967. Shankland alizaliwa Uskoti, ila makazi yake yalikuwa Dar es Salaam, na mjomba hakuwahi kumwita Mzungu. Alimwita "yule wetu". Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam na kuishia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland akawa wa kwanza kutoka ng'ambo kuibuka mshindi. Mjomba alisema mwaka ule hakuna kilichofanyika gereji wiki nzima. Waliongea tu.

Yeye na wenzake walikuwa wakipanda basi kutoka Tanga hadi Mombo, kisha wanakwea Usambara kwa miguu kutafuta kona nzuri. Wanakaa usiku kucha na blanketi na muhogo wa kuchoma. Kwanza, alisema, unasikia. Mlio unatoka bonde la mbali, unapotea, unarudi umenenepa. Kisha taa zinafagia migomba ya mlima wa pili. Kisha gari lenyewe: matope, upepo, na harufu ya breki zilizoungua. Halafu kimya, na watu wote wanaanza kusema kwa pamoja.

Na gari likikwama, wanalisukuma. Hiki ndicho kisa alichokirudia kuliko vyote, nami nilikisikia tangu nikiwa mdogo mpaka mvi zikaniota. "Gari likizama kwenye tope huulizi limetoka wapi," alisema. "Unavua viatu."

Sitaki kuipamba Safari ile kuliko ilivyokuwa. Ilizaliwa na ukoloni na kubatizwa kwa taji la malkia wa mbali. Waliokaa kwenye usukani walikuwa zaidi masetla, Wahindi wenye uwezo, na baadaye wageni waliotumwa na viwanda vya Ulaya na Japani. Mtoto wa mvuvi wa Tongoni nafasi yake ilikuwa kando ya barabara, miguu kwenye tope. Mjomba alilijua hilo vizuri, tena lilimuuma. Alikuwa na mikono ya kutengeneza gari lolote kati ya yale, na hakuna aliyewahi kumpa hata moja. Hata hivyo kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Gari alilolisukuma Usambara, usiku mwingine lilisukumwa na mtu wa Kampala, na asubuhi lilioshwa na mtu wa Mombasa. Watu watatu wasiojuana walishika bampa moja.

Kisha nyumba ikapasuka. Agosti 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, akiwapa siku 90. Miongoni mwa waliopoteza kwao ni Shekhar Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda. Pasaka iliyofuata, 1973, Mehta alishinda Safari kwa Datsun 240Z, akiwa amelingana adhabu na Harry Källström wa Sweden na kumpita kwa tundu la sindano. Angeshinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na kumbukumbu za michezo zinamhesabu kuwa Mkenya. Mwaka 1974 ndio uliokuwa wa mwisho kwa jina la East African Safari. Mshindi alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Mwaka uliofuata jina lilikuwa Safari Rally tu. Maneno mawili yalidondoka, na pamoja nayo nchi mbili.

Michezo ilitangulia tu kusema kilichokuwa kinakuja. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1967 ikavunjika. Ndege, reli, bandari na posta, kila kitu kikagawanywa kama vyombo vya nyumba ya talaka. Mpaka ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Kwetu Tanga huo haukuwa mstari wa ramani. Wadigo wako Lunga Lunga, Kenya, na wako Horohoro, kwetu. Shamba upande huu, wakwe upande ule. Mjomba alikuwa na dada aliyeolewa Msambweni ya Kenya. Mama yao alipofariki, dada hakuwahi maziko.

Ndiyo maana siwezi kuitenganisha hasara ya mbio za magari na hasara nyingine. Mtu asiyejua atauliza, magari machache ya matajiri yakiacha kupita, kumepungua nini? Kumepungua ile desturi ya kusimama barabarani mara moja kwa mwaka kumngoja jirani. Aliyengoja kitu pamoja na wenzake, hata asiowaona, ana udugu nao. Ukiacha kungoja, unaacha kumkumbuka; na ukiacha kumkumbuka, unaanza kuamini kwamba alikuwa mgeni siku zote.

Afrika Mashariki haikuwa peke yake. Marekani, mwaka 1996, mbio za magari ya Indy ziligawanyika ligi mbili. Moja, IRL, aliianzisha Tony George, ambaye familia yake ndiyo iliyokuwa na uwanja wa Indianapolis, nayo ikashika mbio za maili 500 ambazo kila dereva aliota kuzishinda. Nyingine, CART, ilibaki na timu kubwa na madereva waliojulikana zaidi. Kila upande uliamini mwenzake atachoka kwanza. Waliochoka ni watazamaji. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: wakati wao wanavutana, ligi nyingine ya magari, NASCAR, ilikusanya wadhamini na mashabiki. CART ilifilisika mwaka 2003, warithi wake wakaendelea kwa jina la Champ Car, na Februari 2008, baada ya miaka 12, pande mbili zikakubali kuwa ligi moja. Aprili mwaka ule magari ya Champ Car yalikimbia mara ya mwisho Long Beach, California, kisha yakawekwa kando. Yalikuwa magari mapya, ya msimu mmoja tu. Ligi moja haiwezi kukimbia kwa aina mbili za magari, kwa hiyo upande mmoja ulikubali yake yafe.

Hilo nililifikiria nikiwa nimekaa kwenye ukuta wa msikiti, nikitazama maji yakitoka, kwa sababu Tongoni ina kisa chake cha namna hiyo. Aprili 1498 merikebu moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye fungu mbele ya pwani hii, wakati huo ikiitwa Mtangata. Maji yalipojaa ikaelea, ikaenda zake. Januari 1499, wakirejea kutoka India, Wareno walitia nanga hapahapa. Kiseyeye kilikuwa kimewaua mabaharia wengi mno, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wakahamisha watu na mizigo, wakaichoma São Rafael. Mbili zilizobaki zikafika kwao. Sina sababu ya kuwasifu watu wale. Waliowafuata waliuletea mwambao huu mizinga, na miji kama Tongoni haikupona. Lakini moto ule una somo ambalo sisi wenye pwani tumeliacha lipitwe na maji. Watu wachache wenye vyombo vingi hawafiki. Kufika kunadai chombo kimoja kichomwe, na wenye chombo hicho wakubali kuhamia kwa wenzao.

Leo sisi tuna vyombo vingi. Uganda ina Pearl of Africa Rally, Rwanda ina Mountain Gorilla Rally, Tanzania ina Mkwawa Rally, na Kenya ina Safari yenyewe, iliyotolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 na kurudishwa mwaka 2021 kule Naivasha. Nilifurahi iliporudi. Dunia nzima iliona vumbi la Afrika, na vijana wa Kenya wakapata mashujaa wapya. Lakini asiyekuwapo na lake halipo. Siku ile nilimpelekea mjomba simu yangu atazame. Macho yake yalikuwa yamefifia. Aliishika simu karibu na uso, akamsikiliza dereva Sébastien Ogier akipita kuliko kumwona. Kisha akaniuliza, "Huku kwetu yanapita lini?"

Nikamwambia, "Hayapiti, mjomba. Ni ya Kenya."

"Ya Kenya tangu lini?" akasema, na akanirudishia simu.

Sikuwa na jibu, na nimekaa na swali lile mpaka leo. Najua Safari ya zamani haiwezi kurudi. Mashindano ya dunia ya sasa hukimbiwa kwenye njia zilizofungwa, kilomita 300 na ushei za kupimwa saa, magari yakirudi kituo kilekile kila siku. Hakuna tena kuvuka mipaka mitatu usiku wa masika. Na vizuri, kwa sababu barabara zile ziliua watu. Wanaotaka muungano kwa kutaka jana irudi watazeeka wakingoja.

Ila kuna dalili ambazo si ndoto. Mkataba wa Jumuiya mpya ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic, mbio za magari ya kale, na zaidi ya mara moja zimevuka mpaka kuingia Tanzania. Barabara ya Tanga hadi Horohoro ina lami, na pale mpakani pana kituo cha pamoja. Njia ya Pangani nayo imo katika barabara kuu ya pwani inayokusudiwa kuunganisha Bagamoyo na Malindi. Njia ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kwanza kusema: chukueni jina langu, au mstari wangu wa kuanzia, au tarehe yangu, ili mbio ziwe za wote. Kenya ikubali Safari ivuke Lunga Lunga. Tanzania ikubali kupokea bila kudai kuwa mwenyeji mkuu. Uganda ikubali kungoja zamu yake. Kila mmoja ana São Rafael yake, na kila mmoja anatazama mbao zake kwa huruma.

Huruma hiyo naielewa. Chombo hakichomwi bila machozi. Nguzo za Tongoni zinaonyesha njia ya pili: kubaki na kila kilicho chako, mahali pako, mpaka bakuli zianguke moja moja na wapitao wabaki kukisia nani alizikwa wapi. Mjomba aliishi kati ya njia hizo mbili. Kitu alichokipenda kilikufa bila mtu yeyote kutangaza msiba, na miaka yote ile hakuna aliyempa pole. Nadhani ndiyo maana alikirudia kisa cha Usambara. Alikuwa anasoma hitma peke yake.

Jua lilianza kushuka. Watoto wa kijiji walipita wakisukuma tairi chakavu kwa fimbo, wakapotea nyuma ya kaburi kubwa, mlio wa vinywa vyao ukibaki nyuma yao kama injini iliyoko bonde la mbali. Nikakumbuka kwamba sijamwombea. Nikasogea hadi kwenye mlango wa msikiti, mahali ambapo bado kuna kizingiti ingawa paa halipo, nikavua viatu.